Kuongeza mwili bila kujiumiza: vidonge, poda za jimu, uji wa lishe au sahani yako ya kila siku?

Kama we ni mwembamba na unaishi Dar ushapewa ushauri wote huu: kanywe uji wa lishe, kanunue poda jimu, kuna dada Kariakoo anauza vidonge wiki mbili tu umejaa, kula chipsi mayai usiku ukalale. Kila mtu anasifia ya kwake na ana shahidi wake aliyenenepa kweli. Nimeona nizipange zote hapa tuziangalie vizuri maana wadogo zetu wanachagua kwa kusikia tu, na kiukweli zote zinaongeza kilo, mizani itapanda popote utakapoenda, ila hizo kilo ni za nini (misuli, mafuta au uvimbe) na zitakaa mwilini muda gani, hapo ndo pana tofauti kubwa na hapo ndo mtu anaweza kujiharibia afya.

Kwanza jua kama unahitaji. Chukua kilo zako ugawe kwa urefu wako wa mita, jibu utakalopata ugawe tena kwa urefu huohuo. Ikija chini ya 18.5 una uzito pungufu. Kwa mtu wa mita 1.70 mstari uko kwenye kilo 53 na nusu hivi, kwa mtu wa mita 1.60 ni kama kilo 47. Ukiwa juu ya hapo, unakula vizuri na una nguvu zako, basi mwili wako ni huo na hauna ugonjwa wowote, kutaka kujaza kidogo ni haki yako ila usifanye kwa papara kwa sababu ya maneno ya shangazi kwenye shughuli.

Afu kuna watu ambao hawatakiwi kuchagua chochote kwenye hizi njia kwanza, nao ni wale waliokuwa na mwili ukapungua wenyewe bila kujinyima, suruali zinapwaya, watu wanauliza vipi unaumwa. Ndugu yangu nenda hospitali. Una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho usiku, homa za jioni, kapime kifua kikuu, kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Kiu isiyoisha na kukojoa kila saa inaweza kuwa sukari. Moyo kwenda mbio, mikono inatetemeka, unasikia joto wakati wenzio wako sawa, inaweza kuwa tezi ya shingoni. Bado kuna VVU, minyoo, vidonda vya tumbo, na kuna msongo wa mawazo na sonona ambavyo vinaua hamu ya kula kabisa na watu hawavihesabu kama ugonjwa. Hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala, popote palipo karibu, au hata kituo cha afya cha kata uanzie hapo. Ukimeza kidonge cha hamu ya kula wakati ndani kuna TB unajipa muda wa kuumwa zaidi.

Haya, tuanze na hivyo vidonge maana ndo vinavyonitia wasiwasi kuliko vyote.

Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa mitandaoni na mitaani mara nyingi ndani yake kuna moja ya dawa mbili, au zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni siproheptadini, hii ni dawa ya aleji, ya mafua na kuwashwa, inaleta njaa na usingizi kama madhara yake ya pembeni, watu wakaigeuza hiyo njaa kuwa biashara. Anayeimeza anakula kweli na anaongezeka, ila anashinda kasinzia, mdomo mkavu, kichwa kizito, na sasa fikiria mwenye bodaboda barabara ya Mandela na malori yale yuko kwenye hali hiyo. Akiacha kumeza hamu ya kula inarudi kuwa ndogo kama zamani na kilo zinashuka, kwa hiyo anarudi kununua. Kuna ile dawa ya maji inaitwa Apetamin, ndani ni hiyohiyo siproheptadini na vitamini, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshawaonya watu wake wasiitumie, kwao haijaidhinishwa.

Ya pili ndo mbaya zaidi, deksamethasoni. Hii ni steroidi, dawa kubwa ya hospitali inayookoa watu, daktari anaitoa kwa kipimo na kwa siku anazozijua yeye. Ukiila holela uso unakuwa mviringo kama mwezi, mashavu yanajaa, watu wanakusifia umependeza, wakati mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na mapaja inapungua. Yaani unaonekana umenenepa na wakati huohuo unapoteza nyama. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalegea, kinga inashuka mpaka TB iliyokuwa imelala kifuani inaweza kuamka. Na ukishazoea kwa muda mrefu huwezi kuacha ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zinatengeneza homoni ya aina hiyo zenyewe, zikaona inaletwa kutoka nje zikalala, ukikata siku moja mwili unabaki hauna kitu, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo kama ushakuwa unavitumia muda mrefu, usisome hapa ukavitupa leo usiku, nenda kwa daktari umwambie ukweli, atakupunguzia taratibu.

Utajuaje ndani kuna nini? Hujui, ndo tatizo lenyewe. Vinakuja kwenye kipakiti hakina jina la dawa, hakina tarehe ya kuisha, hakina namba ya TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), muuzaji anasema ni mitishamba. Dawa ambayo muuzaji mwenyewe hana jina lake la kukutajia usiimeze. Na mama anayenyonyesha kabisa asiiguse siproheptadini. Daktari anaweza kuamua kumpa mgonjwa wake dawa ya hamu ya kula, hilo sina neno nalo, hapo kuna mtu amekupima na anakufuatilia.

Poda za jimu ni kitu kingine, tusizichanganye na vidonge. Kuna aina mbili na wauzaji wanaziweka rafu moja. Ile ya protini ya maziwa, kijiko chake kimoja kina gramu 24 hivi za protini na kalori kama 120 tu, hiyo peke yake hainenepeshi mtu, kazi yake ni kujazia protini kwa anayebeba vyuma. Ile nyingine ya kuongeza mwili, makopo makubwa yale, ukisoma nyuma utaona kipimo kimoja kina kalori nyingi sana, mengine yanapita 1000, ila angalia zinatoka wapi, sehemu kubwa ni maltodekstrini, yaani wanga uliosagwa wa mahindi au kitu kama hicho, unaogeuka sukari haraka sana tumboni. Unalipa hela nyingi kununua wanga na protini kidogo. Wengine wanaharisha au tumbo linajaa gesi, hasa wale ambao maziwa hayawakubali.

Sasa weka pembeni yake blenda ya nyumbani. Maziwa ya ng'ombe kikombe kikubwa cha mililita 300, ndizi mbivu mbili, vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, tende tatu. Piga hesabu: maziwa kama kalori 180, ndizi 200, karanga 190, tende 70, jumla unakaribia 640 na protini kama gramu 20, ndani kuna madini, nyuzinyuzi na mafuta mazuri ya karanga. Vitu vyote unavipata Tandika, Buguruni au kwa Mangi wa mtaani, ndizi ukiwa karibu na Mabibo ndo kabisa. Hauna blenda, ponda ndizi kwa uma ukoroge na maziwa ya moto na siagi ya karanga, inashuka vizuri tu. Maziwa yanakusumbua tumbo, weka mtindi, wengi unawakubali kuliko maziwa fresh, au tui la nazi ingawa hilo protini yake ni ndogo.

Kwa mimi poda inashindwa hapo kwa mtu wa kawaida. Inashinda kwa mtu mmoja tu, yule anayetoka kazini saa mbili usiku, kapitia jimu, hana muda wa kupika na mfuko unaruhusu, achukue ile ya protini na aile pamoja na chakula. Ukinunua angalia kopo limefungwa vizuri na lina tarehe, usipimiwe kwenye kifuko, na mwenye shida ya figo amuulize daktari kwanza.

Uji wa lishe tunaupenda wote na mimi naupenda, tumekulia huo, ila tunauharibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuufanya mwepesi. Uji mwepesi ni maji yenye unga kidogo, unajaza tumbo la mtu ambaye tumbo lake tayari ni dogo halafu akija kwenye chakula hali. Kikombe kizima kinaweza kukupa nguvu ndogo kuliko kiganja cha karanga. Ya pili ni ule unga wenye kila kitu, mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, vyote vimesagwa pamoja na kukaa kwenye ndoo miezi. Soya isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini, unaila na haikusaidii ipasavyo. Karanga zikisagwa na kukaa zinachacha mafuta. Na sumukuvu ndo kubwa zaidi, hii ni sumu ya fangasi anayeota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, inashambulia ini, kuchemsha hakuiondoi, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi. Ukichanganya na kusaga kila kitu huwezi tena kuona punje mbovu ilikuwa ipi.

Kwa hiyo uji ufanye hivi. Unga wa nafaka moja au mbili, ulezi na mahindi inatosha kabisa, saga kidogo kidogo. Karanga nunua nzima, chambua kwa macho yako, zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu tupa, usiwape hata kuku, zile nzuri kaanga usage zako uziweke kwenye uji wakati unapika. Pika uwe mzito, maziwa badala ya nusu ya maji, kijiko cha siagi au mafuta juu yake. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120 na hakikujazi tumbo, ndo sababu kwa mtu asiye na hamu ya kula ni msaada mkubwa. Uji wa namna hii nauweka juu kabisa kwa mtu aliyetoka kuumwa, mdomo hauna ladha, kutafuna kunamchosha, anywe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

Kwa mtu mzima mwenye meno yake na tumbo lake zima mimi namuelekeza kwenye sahani, na sahani ya Kibongo inatosha kabisa ukiijua kuitengeneza. Watu wanadhani kuongeza mwili ni kula mlima wa ugali, unakula siku mbili unachoka, na wanga mtupu unajaza tumbo haraka kabla haujapata cha maana. Badala ya kuongeza ukubwa ongeza uzito wa kilichomo. Wali uleule upikwe na nazi. Maharage yaungwe kwa nazi au mafuta ya kutosha. Parachichi nusu pembeni kila siku, yakija yale ya Njombe na Rungwe kwa wingi ndo wakati wako. Dagaa wakaangwe wakauke, hao ni protini ya bei ya watu wote, gramu 100 za dagaa wakavu zina kama gramu 60 za protini, nyama haifiki hapo. Samaki ukipata wa soko la Feri asubuhi vizuri. Mtori, ndizi nyama, kisamvu cha karanga, hivi vyakula vya wazazi wetu vimejaa kila unachokitafuta. Katikati ya milo weka karanga, korosho, yai la kuchemsha, mtindi. Chai ya rangi ihamishe mbali na chakula maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini na inajaza tumbo bure, kunywa ya maziwa. Na maji kunywa baada ya kula, usimalize chupa nzima kabla ya sahani kufika.

Mama lishe naye anasaidia ukiongea naye vizuri, mwambie mama niongezee maharage punguza wali kidogo, beba parachichi lako na kiganja cha karanga mfukoni, mlo wa bei ileile unabadilika kabisa.

Chipsi mayai na soda? Zitakuongeza, sibishi, zina kalori nyingi. Ila mafuta yale yamekaanga tangu jana, soda moja ina gramu 35 hivi za sukari na hakuna kingine, na mwembamba anayenenepa kwa hivyo huwa tumbo linatangulia, mikono inabaki ilivyo. Siku moja moja na kachumbari kula ufurahi, usiifanye ndo mpango wako.

Kuna jambo linaamua yote haya na linasahaulika, mazoezi ya nguvu. Chakula kikizidi bila misuli kufanya kazi kinakuwa mafuta. Wembamba wengi wanaogopa mazoezi wakidhani yatawakausha, kinachokausha ni kukimbia kilomita na kilomita bila kula. Pushapu, skwati, kuvuta chuma juu, hata vile vyuma vya zege vya uani, mara tatu kwa wiki na kila wiki ongeza uzito kidogo au idadi, inatosha. Anayebeba vyuma anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake, mtu wa kilo 55 ni gramu 88 kwa siku. Usiogope hiyo namba: mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, nusu lita ya maziwa 16, dagaa wakavu gramu 30 zinakupa 18, kiganja cha karanga 7, ushafika 68, wali na ugali wa siku nzima vina protini yake pia inamalizia. Hapo hujagusa poda.

Kasi nayo ni kipimo kizuri cha kulinganisha. Ukila kalori 300 mpaka 500 zaidi ya unazozitumia kila siku, utaongeza robo hadi nusu kilo kwa wiki, yaani kilo moja au mbili kwa mwezi. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia mafuta au uvimbe.

Sasa we uchague ipi. Mwanafunzi wa hosteli usiye na jiko, wako ni mayai ya kuchemsha ya wale vijana wa beseni, karanga, ndizi, maziwa ya pakiti na parachichi, hela ya vidonge iingie huku. Fundi, machinga, bodaboda, tatizo lenu kubwa mara nyingi ni kushinda na chai na andazi mpaka saa kumi, mwili umetumika siku nzima hauna cha kujengea, kwa hiyo asubuhi kula kabisa, chapati mbili na maharage na yai, au supu yenye nyama na ndizi, na saa saba usipitishe. Mama anayenyonyesha, sahani na uji mzito, ongeza mlo mmoja kwa siku, usikubali chochote cha kumeza kutoka kwa rafiki. Mtu wa jimu, maliza chakula kwanza ndo ufikirie kopo. Mwenye kisukari, presha au figo asifuate vipimo vyangu vya tende na ndizi, akaongee na daktari wake.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, mizani ileile, pima na mkono na paja kwa utepe wa fundi cherehani maana kilo zikipanda na kiuno peke yake ndo kinakua basi chakula kimezidi na mazoezi yamepungua. Ukimaliza mwezi mzima umekula kweli na mizani haijasogea, ongeza kinywaji kimoja cha blenda kwa siku uangalie wiki nyingine mbili, ikigoma tena nenda kamuone afisa lishe wa manispaa yako au daktari, umpelekee na orodha ya ulichokula wiki nzima iliyoandikwa, siyo ya kukumbuka kichwani.